Vishikwambi Vitoke Kabatini, Watoto Wahesabu Pamoja

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwezi Januari 2016, mwaka ambao Serikali ilianza kugawa vifaa vya kompyuta katika shule za msingi za umma, alifanya mtihani wa KCPE mwaka wa 2023, na kizazi chake kikawa cha mwisho kuufanya mtihani huo. Miaka minane ni muda wa kutosha kuuliza swali ambalo wakubwa wetu hulikwepa: mashine zile zilimwachia mtoto huyo hesabu gani kichwani? Nalielekeza swali hili hasa kwa kaunti za Homa Bay na Migori, ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Nyanza Kusini, kwa kuwa huko ndiko inakoonekana wazi tofauti baina ya kile tulichonunua na kile tulichokihitaji.

Itakumbukwa kwamba katika kampeni za uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ilizama katika mabishano ikafutwa. Ilipofika 2016, kazi hiyo ilipewa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kila kimoja pamoja na washirika wake wa kigeni, na badala ya kipakatalishi mtoto akaletewa kishikwambi. Mradi ulianza kwa majaribio katika shule 150, na hatimaye vifaa zaidi ya milioni moja vikafika katika shule zaidi ya 20,000. Pamoja navyo shule zilipata vipakatalishi vya walimu, projekta na mtambo wa kuhifadhi masomo. Ili mashine hizo ziwake, nyaya za umeme zilivutwa hadi shule ambazo hazikuwahi kuwa na balbu hata moja, na zilizo mbali na nyaya zikawekewa mitambo ya nguvu za jua. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kazi hiyo haikuwa ndogo.

Lakini kufikisha kifaa shuleni ni jambo moja, na kumfikishia mtoto elimu ni jambo jingine. Nimezuru shule kadhaa za Nyatike, Ndhiwa na Mbita, na nilichokiona kinafanana mno. Vishikwambi vimo ndani ya kabati la chuma, kabati limo ndani ya chumba chenye mlango wa chuma, na ufunguo umo mfukoni mwa mwalimu mkuu. Vumbi limeshika, betri zimekufa, na ukiuliza vilitolewa lini mara ya mwisho utasikia kuwa ni siku alipokuja mgeni. Simlaumu mwalimu mkuu. Anajua kuwa kifaa kikiibwa ataulizwa yeye, ilhali kisipotumika hakuna atakayemuuliza neno. Mtu yeyote mwenye akili timamu aliyewekwa katika hali hiyo angefunga kabati.

Hata hivyo, kabati si kiini cha maradhi. Hata pale vifaa vinapotolewa, matumizi yake aghalabu ni haya: kila mtoto, au kila watoto wawili, huinamia kioo chao, wakabonyeza jibu, na mashine ikalia kuonyesha kuwa wamepata au wamekosa. Ni ubao ule ule na chaki ile ile, ila sasa vinatumia umeme. Vifaa vilinunuliwa kwa fikra ya mtoto mmoja, mashine moja, nayo ni fikra iliyokuwa nasi tangu zamani katika somo la Hisabati. Tumewalea watoto kuamini kwamba hesabu ni siri. Mwanafunzi huandika jibu lake huku ameliziba kwa kiganja ili jirani asilione. Katika Kiswahili tunawaruhusu kujadiliana, katika Sayansi tunawaacha watazame pamoja, lakini ikifika zamu ya Hisabati kila mmoja abebe mzigo wake peke yake. Rai yangu ni kwamba kifaa cha kompyuta katika shule ya msingi kina thamani kubwa zaidi pale kinapowakutanisha watoto kuifanya hesabu moja kwa pamoja, darasa kwa darasa na shule kwa shule, kuliko kinapomtenga kila mtoto na mwenzake.

Wala hili si wazo la kubuni tu. Mwaka wa 2012 ulichapishwa utafiti kuhusu nchi ya Peru, ambayo ilikuwa imegawa vipakatalishi kwa wingi chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Watafiti walichunguza shule 319 za mashambani, na hawakupata ushahidi kwamba watoto waliopewa mashine hizo waliwapita wenzao katika Hisabati wala katika lugha. Karibu na nyumbani, mnamo 2013 mradi wa PRIMR ulifanya jaribio katika kaunti ya Kisumu kuhusu ufundishaji wa kusoma. Shule nyingine zilipewa vifaa vya wanafunzi, nyingine vishikwambi vya walimu, na kwingine vishikwambi vikakabidhiwa maafisa wanaozunguka kuwasaidia walimu. Matokeo ya makundi hayo hayakupishana sana, ila mpango wa kuwapa maafisa vifaa vichache ulikuwa na gharama ndogo kuliko ule wa kumpa kila mtoto chake. Ni kweli kwamba jaribio hilo lilihusu kusoma na wala si kuhesabu. Lakini funzo lake linatuhusu: wingi wa mashine si kipimo cha elimu. Kinachopima ni nani anaitumia, na kwa shughuli gani.

Basi ni shughuli gani iwafaayo watoto wa Homa Bay na Migori? Kabla ya kujibu, natazama ng'ambo kidogo. Mwaka wa 1985 watafiti watatu walichapisha habari za watoto wachuuzi wa mji wa Recife nchini Brazil. Walipoulizwa hesabu za nazi na matunda pale sokoni, watoto hao walipata karibu zote, asilimia 98. Walipopewa hesabu zile zile kwa karatasi na kalamu kama afanyavyo mwalimu, walipata asilimia 37 tu. Akili ilikuwa ile ile, namba zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba sokoni namba zilikuwa na maana, na katika karatasi zilikuwa alama tupu.

Nani kati yetu hajawaona watoto wa Recife katika fuo za Mbita, Sori na Muhuru Bay? Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza omena hukokotoa chenji kabla mnunuzi hajafunga mkoba. Huyo huyo ukimkuta Jumatatu darasani, amekwama mbele ya hesabu ya kutoa yenye tarakimu tatu, na mwalimu anamwita mzito. Hakuna aliyemwonyesha kwamba zile ni hesabu moja. Kazi ya shule ni kujenga daraja baina ya ufuo na ubao, na hapo ndipo ninapoiona nafasi ya mashine zilizolala kabatini.

Nitoe mfano mmoja kwa kirefu. Kila anayenunua nafaka katika masoko ya Mbita, Oyugis, Rongo, Awendo na Kehancha anaijua gorogoro, mkebe ule wa bati ambao ukijaa mahindi huhesabiwa kuwa kilo mbili. Anajua pia kwamba si gorogoro zote zilizo sawa. Ipo iliyobonyezwa kitako, ipo iliyokunjwa ukingo, na upo mkono wa muuzaji unaojua kumimina kwa namna ya kuacha uwazi katikati. Watu wananung'unika, wanacheka, wanalipa, wanakwenda zao. Hakuna anayepima.

Tuchukue wanafunzi wa gredi ya nne katika shule moja ya Mbita, na wenzao wa gredi iyo hiyo katika shule moja ya Kehancha, upande wa Kuria. Waambiwe waazime gorogoro kumi kutoka nyumbani na sokoni. Wagawike katika makundi ya watoto watano watano, kila kundi na kishikwambi kimoja. Mmoja ajaze mahindi, wa pili asome mizani iliyoazimwa dukani, wa tatu aandike katika jedwali, wa nne apige picha, wa tano ahakiki. Kisha wajaze maji kwa chupa ya lita moja, waone mkebe unachukua kiasi gani. Wakimaliza, makundi yaunganishe majedwali yao, watafute wastani, wachore grafu ya nguzo, na jioni mwalimu awapelekee wenzao wa Kehancha kwa simu. Kesho yake yaje majibu ya Kehancha.

Hapo ndipo hesabu inapoanza hasa, kwa sababu hapana shaka majibu hayatalingana. Watoto wa Mbita watasema gorogoro za kwao zina uzito zaidi. Wa Kehancha watauliza: je, ninyi mlijaza kwa kilima au mlisawazisha kwa rula? Mahindi yenu yalikuwa makavu au mabichi? Mizani yenu ilianzia kwenye sifuri? Itabidi shule mbili zikubaliane kanuni moja ya kupima, kisha zirudie kazi upya. Msomaji mpenzi, nakuomba utafakari kilichotokea hapo. Watoto wa miaka tisa au kumi wamegundua wenyewe kwa nini binadamu alihitaji vipimo vya pamoja, jambo ambalo kitabu hulisema kwa mstari mmoja na mtoto akalisahau kabla ya mapumziko ya saa nne. Nao hawangeligundua kama kila shule ingebaki peke yake, kwa kuwa anayejipima kwa kipimo chake mwenyewe hakosi kamwe.

Baada ya hapo linakuja swali la nyumbani. Tuchukulie kwamba mkebe uliobonyezwa unapungua gramu 150, na kwamba jamaa moja hununua gorogoro tatu kwa wiki. Kwa mwaka wa wiki 52 jamaa hiyo imepunjwa gramu 23,400, yaani kilo 23 na zaidi, ambayo ni zaidi ya robo ya gunia la kilo 90. Mtoto aliyeifanya hesabu hiyo kwa mikono yake hawezi tena kuuliza kuzidisha kuna faida gani. Sisemi watoto watumwe kuwashtaki akina mama wa sokoni, ambao wao wenyewe huenda walinunua kwa mkebe ule ule. Nasema wafundishwe kupima, na wapimao pamoja hupata ujasiri wa kusema pamoja.

Atatokea mtu aulize: kwani gorogoro haziwezi kupimwa bila kompyuta? Zaweza, na shule isiyo na kifaa isingoje kifaa. Lakini mashine ina kazi tatu ambazo daftari haliziwezi. Kwanza, inavusha habari: kutoka Mbita hadi Kehancha ni safari ya nusu siku kwa matatu, na barua ya darasa ikienda na kurudi, muhula umekwisha na ari imepoa. Pili, inakokotoa na kupanga namba nyingi kwa haraka, ili nguvu za mtoto ziende katika kufikiri badala ya kupiga mistari ya jedwali. Tatu, inahifadhi: gredi ya nne ya mwaka ujao itaanza pale walipoishia ndugu zao, na baada ya miaka mitano shule itakuwa na kumbukumbu ya soko lake ambayo hata ofisi ya kaunti huenda haina. Kazi hizo tatu hazihitaji mashine moja kwa kila mtoto. Zinahitaji kifaa kimoja kwa watoto watano, na simu moja kwa shule.

Kaunti hizi mbili zimejaliwa mambo mengi ya kupima. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Homa Bay na 1,116,436 katika Migori, na baina yao kuna visiwa, milima, mashamba ya miwa, machimbo ya dhahabu ya Macalder na maji ya ziwa. Mvua inyeshayo kisiwani Mfangano si ile inyeshayo Kuria. Mkebe, rula na jedwali la pamoja vitaonyesha tofauti hiyo mwezi kwa mwezi. Bei ya omena hupanda na kushuka kwa majira, hasa uvuvi unaposimamishwa kati ya Aprili na Julai. Watoto wa ufuoni wanaweza kuiandika bei ya pwani na wa Rongo wakaiandika ya soko la bara, kisha wakatoa na kugawanya waone safari ya samaki inaongeza kiasi gani. Zipo pia kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizojengwa bila saruji yapata miaka 500 iliyopita na kuingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018. Watoto wa Nyatike wakipima kimo na unene wa kuta hizo na kukadiria idadi ya mawe, wenzao wa mbali wanaweza kuhakiki makadirio hayo kutoka kwa picha. Wahenga waliozijenga hawakuacha daftari, ila hapana shaka walijua kupima.

Tena kuna hesabu ambazo mahali pamoja hapatoshi kuzifanya. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita Eratosthenes, mtaalamu aliyeishi Alexandria katika Misri, barani mwetu humu, alikadiria mzingo wa dunia kwa kulinganisha kivuli cha mji wake na hali ya jua katika mji wa Syene, ambao leo huitwa Aswan. Siri ya kazi yake ilikuwa miji miwili. Gredi ya sita ya Migori inaweza kuirudia ikishirikiana na shule ya Lodwar katika Turkana, ambayo iko karibu kaskazini tupu. Mnamo tarehe 21 Machi au 23 Septemba, jua linapofika utosini, ambapo magharibi mwa nchi ni baada ya saa sita na nusu mchana, kijiti cha mita moja mjini Migori hutupa kivuli cha karibu sentimita mbili kuelekea kusini, na cha Lodwar kivuli cha sentimita tano hivi kuelekea kaskazini. Vivuli viwili vya siku moja, vinavyotazama pande mbili! Watoto wakichora pembe zake na kuzijumlisha watapata digrii 4 na kidogo. Wakipima katika ramani umbali wa kusini hadi kaskazini, kilomita 460 na ushei, kisha wakazidisha kwa idadi ya mara pembe hiyo inavyoingia katika digrii 360, watakaribia kilomita 40,000, ambazo ndizo mzingo wa dunia. Wakikosea kwa elfu mbili tatu, hakuna hasara. Watabishana kosa limetoka wapi, na huko ndiko kusoma.

Jambo hili halipingani na mtaala. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika katika madarasa ya chini mwezi Januari 2019 umetaja stadi saba za msingi, na miongoni mwake mna mawasiliano na ushirikiano, na mna ujuzi wa kidijitali. Katika gredi ya nne, Hisabati ina mada ya ukusanyaji na upangaji wa takwimu. Ninachopendekeza kimo tayari katika maandishi ya Serikali; kilichokosekana ni kuviunganisha vitatu hivyo katika kazi moja. Na kuna faida nyingine ambayo mtaala haukuitaja. Mtoto wa Mbita husema Kijaluo, labda na Kisuba cha babu yake. Wa Kehancha husema Kikuria. Wa Lodwar husema Kiturkana. Wakitaka kuulizana mizani ilianzia wapi, watatumia Kiswahili, nacho kitawafikia kama lugha ya hesabu na ya urafiki, badala ya kuwa somo la insha peke yake.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Walimu watasema mzigo wao ni mkubwa, na ni kweli. Si ajabu kukuta mwalimu mmoja mbele ya watoto sitini au sabini. Lakini darasa kubwa ndilo linalohitaji makundi zaidi kuliko darasa dogo, kwa maana mwalimu hawezi kusahihisha madaftari sabini kwa siku, ila anaweza kusikiliza makundi kumi na manne. Wengine watasema katika kundi mvivu hujificha nyuma ya mwenye bidii. Huyo hujificha hata sasa, tena nyuma ya dawati. Kundi lenye kazi tano kwa watu watano lina mahali pachache pa kujificha, hasa zamu zikibadilishwa kila juma.

Pingamizi la wazazi ni zito zaidi. Tangu mtaala mpya uanze, wazazi wengi wamelalamikia kazi za nyumbani zinazowapeleka katika maduka ya kompyuta usiku kuchapisha picha za rangi na kununua vifaa visivyokuwa katika bajeti. Malalamiko hayo ni ya haki. Mradi wa Hisabati ukigeuka kuwa ushuru mwingine kwa mvuvi wa Rusinga au mkulima wa Uriri, utakufa, na utastahili kufa. Sharti langu la kwanza basi ni kwamba kila kitu kifanyike shuleni, kwa vifaa vya shule na kwa mikebe ya kuazima. Sharti la pili ni la usalama: mawasiliano yapite mikononi mwa walimu wawili, watoto wasiachwe peke yao katika intaneti, na picha zipigwe za mikebe, zisiwe za nyuso.

Wala haifai kusema kwamba maeneo haya hayana uwezo wa mambo kama hayo. Huduma ya Eneza, ambayo imewapelekea watoto wengi wa Kenya maswali ya masomo kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, ina mizizi Muhuru Bay, alikofanya kazi mmoja wa waasisi wake, Toni Maraviglia, kabla ya kuianzisha. Shule zote zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya korona, huduma za namna hiyo ziliwafaa watoto ambao nyumbani hawakuwa na kishikwambi wala televisheni. Kama wazo lililozaliwa katika pembe ya mwisho ya ziwa letu liliweza kuenea nchini, kwa nini tungoje mengine yatoke Nairobi?

Mambo haya yana uzito kuliko alama za mtihani. Katika kaunti hizi mtoto akikata tamaa ya shule, hakosi pa kukimbilia: kuna ufuo, kuna shimo la dhahabu, kuna shamba la miwa. Kote huko atakutana na mizani. Samaki wake watapimwa, chembe zake za dhahabu zitapimwa, miwa yake itapimwa kwa tani, na atakayeshika mizani atakuwa mtu mwingine. Asiyejua kupima ataishi kwa kuamini maneno ya anayempimia. Tukimpa mtoto huyo kishikwambi kilichomfundisha kubonyeza jibu sahihi peke yake, tumempa kidogo. Tukimpa mazoea ya kupima, kuuliza, kulinganisha na mwenzake wa mbali na kukataa jibu lisilohakikiwa, tumempa silaha ambayo haiibwi kabatini.

Naielekeza rai yangu kwa wahusika mmoja mmoja. Wizara ya Elimu itoe maagizo kwa maandishi kwamba mwalimu mkuu hatawajibishwa kwa kifaa kilichoharibika kikitumika kwa haki. Badala yake aulizwe kuhusu kifaa ambacho hakikutumika. Taasisi ya Ustawishaji Mitaala iandae miradi michache tu ya pamoja, mitano au sita, yenye maelezo ya ukurasa mmoja mmoja, kwa kuwa mwalimu hana saa ya kusoma kitabu kingine. Tume ya Kuajiri Walimu iwatumie maafisa wa usaidizi wa mtaala, waliogawiwa vishikwambi chini ya mradi wa Tusome ulioanza mwaka wa 2015, kuziunganisha shule mbili mbili na kufuatilia. Bodi za elimu za kaunti zote mbili zikutane na kuchagua jozi kumi za shule kwa muhula mmoja, kila jozi iwe na shule moja ya ziwani na moja ya bara. Serikali za kaunti, ambazo chini ya Katiba ya 2010 zinasimamia elimu ya awali wala si shule za msingi, zisijifiche nyuma ya mipaka hiyo. Ofisi zao zinazoshughulikia biashara na uvuvi zinaweza kukopesha mizani na kuzipokea takwimu za watoto kwa heshima.

Wazazi nao nawaombea jambo moja. Mtoto akirudi nyumbani akaitaka gorogoro, mpeni, na mkeketwe kidogo na maswali yake. Akisema mkebe wa nyumbani unapunja, msimkaripie; mwambieni apime tena mbele yenu. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kishikwambi kimoja mbele ya mtoto mmoja hakijatuvunjia ujinga kwa miaka yote hii. Mashine tunazo, umeme umefika mahali pengi, na watoto wako tayari tangu zamani. Kilichobaki ni kufungua kabati, kuwaketisha watano watano, na kuwaambia wahesabu kwa sauti.